Nimejifunza gitaa mwaka na nusu, sina wimbo hata mmoja ninaoufikisha mwisho

Shikamoo Mjomba,

Safu yako naisoma siku nyingi, ingawa wengi wanaokuandikia huuliza mambo ya spika na vinanda vya kanisani. Langu ni la gitaa, na kidogo ni la nyumbani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, nina miaka 29, nimeolewa, tuna mtoto mmoja wa miaka miwili. Kanisani naimba alto tangu nikiwa sekondari. Mwalimu mwenzangu alipohamishwa mkoa aliniuzia gitaa lake kwa bei ya kutupa. Lilikuwa na nyuzi za nailoni, lakini yeye alikuwa ameziondoa akaweka za chuma ili lilie kwa nguvu.

Tangu hapo, mtoto akishalala, nachukua simu na gitaa, naangalia video na kufuatisha. Mjomba, nimeanza nyimbo nyingi mno. Najua mwanzo wa huu, kibwagizo cha ule, na vionjo viwili vitatu vya solo. Mtu akipita nje ya dirisha atasema humu ndani kuna mpiga gitaa. Lakini nikae na watu waimbe, nao wanitegemee mimi kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, siwezi. Nikifika kwenye kodi ya F, ule mkusanyiko wa sauti unaotaka kidole kimoja kibane nyuzi kadhaa, mkono unaganda, na nikija kuipata wenzangu wako mstari wa tatu.

Sasa mpiga gitaa wa kwaya yetu amehamia Dodoma. Mwalimu wa kwaya alisikia nina gitaa, akatangaza mbele ya wanakwaya wote kwamba Sikukuu ya Mavuno atapiga "dada yetu wa alto". Watu wakapiga makofi, nikashindwa kukataa. Imebaki miezi minne.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, anapiga solo kwenye bendi ya hoteli. Nilimwomba anipangie ratiba ya mazoezi, akacheka. "Shemeji, gitaa siyo hesabu za darasa la nne. Gitaa liko damuni. Mbaraka Mwinshehe alipangiwa ratiba na nani?" Mume wangu naye, bila ubaya wowote, alisoma mahali kwamba mpaka mtu awe mpigaji kweli anahitaji saa 10,000. Akafungua kikokotozi cha simu: kwa nusu saa zangu za kila usiku, nitaiva nikiwa na miaka 80 na ushee.

Mengine ni haya: vidole vinauma sana, nyuzi ziko juu mno hasa ukishuka kuelekea tumboni mwa gitaa, na halikai kwenye tyuni. Pia siwezi kupiga kwa nguvu kwa sababu mtoto analala chumba hichohicho, na ukuta wetu na jirani ni mmoja.

Naomba uniambie ukweli. Nitafute mwalimu wa kulipia? Nimwambie mwalimu wa kwaya atafute mtu mwingine? Au shemeji ana haki, sina damu ya gitaa?

*Alto wa Morogoro*

Marahaba Mwalimu,

Usirudishe kazi uliyopewa. Miezi minne inamtosha mtu anayeimba alto kusindikiza kwaya kwa gitaa, tena kwa nusu saa hiyohiyo ya usiku uliyo nayo. Ila nusu hiyo ya saa ibadilike, kwa sababu kwa mwaka na nusu umekuwa ukipiga gitaa kila usiku, na mazoezi hujaanza.

Angalia unachorudia. Mwanzo wa wimbo unaoujua unaurudia kwa kuwa unapendeza na mkono umeshauzoea. F inakuchoma, kwa hiyo ukiikaribia unaacha na kuanza wimbo mwingine. Matokeo yake sehemu rahisi umezipiga mara zisizohesabika, na ile ngumu umeigusa mara chache tena kwa hofu. Halafu video ikiisha, simu inakuletea nyingine. Aliyechagua somo la leo siyo wewe wala mwalimu yeyote. Ni simu, na kazi ya simu ni kukufanya uendelee kuitazama.

Wewe huingii darasani ukawauliza watoto wa darasa la tatu leo wanajisikia kusoma nini. Una azimio la kazi la muhula, una andalio la somo, kuna zoezi, kuna madaftari ya kusahihisha, na kesho unaanzia pale walipokwama leo. Mwanafunzi wako wa usiku hana hata kimoja kati ya hivyo. Ungepewa darasa linaloendeshwa namna hiyo ungeshangaa watoto wasipojua kusoma?

Tumalizane na shemeji kwanza, kwa heshima zake, maana wapo wengi wanaosema kama yeye.

Mbaraka Mwinshehe hakubandika ratiba ukutani, ni kweli. Lakini alipoingia Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, aliikuta bendi ambayo tayari ilikuwa na miaka kama 20, ina wakubwa wake, ina nyimbo zake, ina mahali pa kupiga, na mjini hapohapo kuna Cuban Marimba ya Salum Abdullah ya kushindana nayo. Alikaa humo mpaka mwaka 1973 alipokwenda kuunda Super Volcano. Kijana aliye ndani ya bendi ya namna ile haamui mwenyewe leo arudie nini. Anapewa kipande chake, akikosea bendi nzima inasimama, wanarudi mwanzo, na Jumamosi watu wanakuja kucheza, apende asipende. NUTA Jazz ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, iliwalipa wanamuziki wake mshahara. Kwao mazoezi yalikuwa kazini, kama wewe na kengele ya saa moja na nusu.

Na ukivuka ziwa ni vilevile. Franco Luambo Makiadi, ambaye wengi wanapenda kusema alizaliwa na gitaa mkononi, alionyeshwa gitaa na mtu aliyemtangulia, Paul Ebengo Dewayon, na mwaka 1953, akiwa na miaka 15, alikuwa ameshaingia kufanya kazi studio ya Loningisa huko Kinshasa, enzi hizo ikiitwa Léopoldville. Kijana wa miaka 15 anayeshinda studio kutwa, katikati ya wapigaji waliomzidi umri, anahitaji ratiba ya nini? Bendi na studio ndizo zilizokuwa ratiba yao.

Shemeji yako mwenyewe amepitia hapo. Muulize alianza kupiga nini siku za kwanza kwenye bendi. Nina hakika ya karibu asilimia mia kwamba hakupewa solo. Alipewa rizimu, akaambiwa shika kodi tatu hizi na usitoke. Amesahau, kwa sababu mtu akishaweza jambo huona kama alilizaliwa nalo. Kipaji kipo, sikatai, lakini kusindikiza nyimbo za mavuno si mahali kinapopimwa.

Kuhusu saa 10,000 za mumeo: namba hiyo ilivuma kutokana na uchunguzi wa mwaka 1993 wa mwanasaikolojia K. Anders Ericsson na wenzake wawili, waliochunguza wapiga fidla wa chuo cha muziki mjini Berlin. Kundi la waliokuwa bora zaidi, walipofikisha miaka 20, walikuwa wamefanya mazoezi ya peke yao kwa wastani wa saa zaidi ya 10,000. Huo ni wastani tu, maana wengine walikuwa chini yake na wengine juu, na wote walikuwa wanawania kupiga fidla kwenye majukwaa ya dunia. Mweleze mumeo kwamba wewe unawania Sikukuu ya Mavuno. Halafu mpe na sehemu ambayo watu huwa hawaitaji: wale vijana bora walifanya mazoezi kwa vipindi vyenye mwisho, wakapumzika, na walilala kuliko wenzao, hata mchana. Kwa hiyo akikukuta umelala Jumapili baada ya ibada, asikuamshe.

Sasa gitaa lenyewe. Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu nusu ya maumivu yako yako hapa.

Gitaa la nailoni halikuundwa kubeba nyuzi za chuma. Mvuto wa nyuzi za chuma unakaribia kuwa mara mbili ya ule wa nailoni. Ukizifunga kwenye gitaa la nailoni, shingo inapinda kuja mbele na daraja la nyuzi linaanza kuinuka kutoka kwenye ubao. Ndiyo maana nyuzi zako ziko juu ukishuka kuelekea tumboni, na ndiyo maana halikai kwenye tyuni. Legeza nyuzi hizo leo usiku kabla hujalala, uzi mmoja mmoja, na kesho lipeleke kwa fundi atazame kama daraja limebanduka. Kisha rudisha nailoni. Pale kwenye freti ya 12 (freti ni vile vyuma vidogo vinavyokatiza shingo), nafasi kati ya uzi na freti ikizidi sana milimita 4 hata baada ya hapo, mwambie fundi ashushe. Nyuzi mpya za nailoni zitakuwa zinavutika na kushuka sauti kwa siku kadhaa za mwanzo, usidhani gitaa ni bovu, tyuni tu kila unaposhika.

Vidole vitaendelea kuuma kidogo kwenye ncha mpaka viote sugu, na hilo ni suala la wiki chache. Maumivu ya kifundo cha mkono au yanayopanda kwenye mkono ni jambo jingine: ukiyasikia, weka gitaa chini siku hiyo.

Tuje kwenye nusu saa yako.

Mtaji wako mkubwa hujautaja kabisa kwenye barua, labda kwa sababu umeuzoea. Umeimba alto miaka yote hiyo, bila shaka kwa kusoma sol-fa. Maana yake sikio lako linajua do, re, mi bila kufikiri, na video zote ulizotazama zilikufundisha vidole bila kugusa sikio hilo. Tuliunganishe na gitaa. Chukua uzi mmoja wowote. Uache wazi, ndio do. Freti ya 2 ni re, ya 4 ni mi, ya 5 ni fa, ya 7 ni so, ya 9 ni la, ya 11 ni ti, ya 12 ni do ya juu. Angalia ulivyosogea: kila hatua ni freti mbili, isipokuwa mi kwenda fa na ti kwenda do, ambako ni freti moja. Imba huku unapiga. Usiku wa tatu au wa nne utaanza kutafuta kipande cha alto cha wimbo mnaoujua kwenye uzi huohuo, na utakipata. Kuanzia hapo gitaa litaacha kuwa picha za vidole.

Halafu hamia kwenye C ya kawaida, hapa juu karibu na vichwa: do iko uzi wa tano freti ya 3. Re ni uzi wa nne ukiwa wazi, mi uzi huohuo freti ya 2, fa freti ya 3. So ni uzi wa tatu ukiwa wazi, la freti yake ya 2. Ti ni uzi wa pili ukiwa wazi, na do ya juu freti yake ya 1. (Uzi wa kwanza ni ule mwembamba kabisa.) Panda na kushuka, ukiimba majina. Kazi hii, pamoja na kutyuni, ichukue dakika tano za mwanzo kila usiku. Isizidi, hata ikinoga.

Dakika kumi zinazofuata ndizo zenye thamani kuliko zote, na ndizo utakazotamani kuzikimbia. Hizo ni za kubadilisha kodi. Usifanye mazoezi ya kodi, fanya ya safari kati ya kodi mbili. Wengi wanaijua G na wanaijua C, wanachokwama ni njia ya kutoka moja kwenda nyingine. Pakua metronomu, yaani kipima mapigo, kwenye simu, zipo za bure, iweke mapigo 60 kwa dakika. Piga G mara moja, hesabu nne, piga C, hesabu nne, rudi. Pole pole hivyo. Ukiona unaona aibu kwa jinsi ilivyo rahisi, umepatia mwendo. Ikitoka safi, yaani kila uzi unalia na hakuna kusita, pandisha mpaka 64, halafu 68. Ikivunjika, shuka bila kununa. Mwendo wa wimbo wenyewe utaupata kwa kuwarekodi wanakwaya wakiimba na kuulinganisha na metronomu nyumbani, na hiyo ndiyo namba unayoifuata kwa miezi minne hii.

Chunguza pia vidole visivyo na sababu ya kuondoka. Ukitoka C kwenda A minor, kidole cha shahada na cha kati vinabaki palepale, kinachohama ni cha pete peke yake. Ukitoka D kwenda G, kama G yako unaibana kwa vidole vinne, kidole cha pete kinabaki uzi wa pili freti ya 3, hakinyanyuki. Watu huinua mkono mzima hewani kila badiliko kama waliogusa sufuria, halafu wanashangaa wanachelewa.

Jambo moja zaidi kuhusu dakika hizo kumi. Usikae na badiliko moja tu mpaka mwisho. Chukua mawili: dakika tatu la kwanza, dakika tatu la pili, halafu rudi la kwanza. Utahisi unasuasua kuliko ukishikilia moja, na utatamani kuacha utaratibu huu. Usiuache. Kurudia jambo mfululizo kunakupa raha ya papo hapo inayoyeyuka asubuhi. Kulirudia baada ya kulitoka kidogo ndiko kunakolifanya likae. Darasani umeshaliona: mtoto anayepata hesabu kumi za kujumlisha mfululizo, ukimchanganyia na za kutoa anababaika, na siku ya mtihani zimechanganywa.

Kuhusu mtoto anayelala: mabadiliko ya kodi unaweza kuyafanya kimya kabisa, mkono wa kushoto peke yake, wa kulia ukiwa umetulia juu ya nyuzi. Inafaa sana. Ukitaka kusikia sauti, acha kipigio, tumia gumba tu, karibu na shingo, sauti inakuwa laini. Wala usidhani huo ni upigaji wa kitoto. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, mkono wake wa kulia ulifanya kazi kwa gumba na kidole cha shahada, basi, na watu mpaka leo wanakaa kumsikiliza wakitafuta gitaa la pili liko wapi.

Dakika kumi nyingine ni za wimbo. Mmoja. Si wimbo wote, mistari miwili ya wimbo huo, ile yenye badiliko ulilotoka kulifanyia kazi. Kesho ongeza mstari. Nyimbo nyingine zote ulizozianza zipumzike mpaka baada ya mavuno, hakuna atakayezichukua. Na dakika tano za mwisho ni zako: piga mianzo yako, vionjo vyako, chochote. Nakuwekea hizi makusudi, kwa sababu ratiba isiyo na furaha ndani yake huachwa wiki ya pili.

Ukimaliza, andika mstari mmoja kwenye daftari: nini kimekwama, kesho naanzia wapi. Bila mstari huo kesho utaanza tena na kile unachokipenda. Siku ambayo mtoto ana homa au una madaftari ya kusahihisha, fanya zile dakika kumi za kodi tu, uende ukalale. Usifidie Jumamosi kwa saa tatu. Mkono hauli kiporo.

Sasa F. Kwa mavuno haya unaweza kuishi bila F nzima. Bana ndogo: kidole cha shahada kikalie uzi wa kwanza na wa pili kwenye freti ya 1, cha kati uzi wa tatu freti ya 2, cha pete uzi wa nne freti ya 3, na nyuzi mbili nene usizipige. Kwaya ikiwa inaimba hakuna atakayejua. Njia nyingine ni kununua kapo, kile kibanio cha shingoni. Kwa gitaa la nailoni omba iliyo pana na bapa. Wimbo ukiwa do ni F, weka kapo freti ya 3 upige kodi za D. Do ikiwa B bemoli, kapo freti ya 3, kodi za G. Do ikiwa A bemoli, kapo freti ya 1, kodi za G. E bemoli, kapo freti ya 3, kodi za C. Kila familia ina kodi tatu za msingi zinazojengwa juu ya do, fa na so: kwa G ni G, C na D, kwa D ni D, G na A, kwa C ni C, F na G. Ongeza E minor na A minor na umeshafunika sehemu kubwa ya kitabu cha kwaya. Hata sebene ile ya mwisho inayowainua wazee kwenye viti, mara nyingi inazunguka kodi tatu tu.

Huu ndio mgawo wa miezi. Mwezi wa kwanza ni wa gitaa kwenda kwa fundi, sol-fa kwenye uzi, na familia ya G mpaka iweze kusimama kwenye metronomu. Wa pili na wa tatu, nyimbo za mavuno moja baada ya nyingine, na kila mwisho wa wiki ujirekodi kwa simu. Sikiliza rekodi siku inayofuata, usisikilize papo hapo, maana papo hapo utasikia ulichokusudia kupiga. Mwezi wa nne ni wa kitu ambacho video hazikufundishi: kupiga bila kusimama. Hapo ukikosea hurudi nyuma. Mkono wa kulia unaendelea kwenda chini na juu hata kama wa kushoto haujafika, unagonga nyuzi zilizofungwa, unaikuta kodi inayofuata. Kwaya inasamehe kodi iliyokosewa, ila pigo likikatika wote mnaanguka.

Kuhusu kulipia mwalimu: fedha ya kwanza iende kwa fundi, ya pili kwenye nyuzi, ya tatu kwenye kapo. Ikibaki, tafuta mtu wa kukutana naye mara moja au mbili kwa mwezi, akutazame mikono na kukusahihisha. Kila wiki hakuna haja, mradi daftari lako linajaa.

Na huyo shemeji usimwache. Wapigaji wengi wazuri hawajui kueleza wanachofanya, kwa hiyo usimwombe tena ratiba wala maelezo. Mwombe akija Jumapili apige wimbo mmoja wa mavuno pole pole, rizimu tu, umrekodi mikono yote miwili. Kisha mwambie abaki kwenye solo, wewe ushike rizimu, mzunguke dakika kumi bila kusimama. Hapo atakupa ile bendi ambayo yeye alikuwa nayo na wewe huna. Mwekee chai na kitu cha kutafuna, atarudi.

Mwalimu wa kwaya naye umwendee Jumamosi hii kwenye mazoezi. Mwombe orodha ya nyimbo za siku hiyo sasa hivi, zisizidi nne zako, nyingine apige mtu wa kinanda au ziimbwe kavu. Kila wimbo akuandikie do ni nini. Akikujibu "tutaona siku hiyo", mwambie basi siku hiyo atapiga yeye.